Popo wa Nyumba ya Mawe

Honiara, 5 Agosti 1996

Shangazi yangu Nau Tafuna,

Shikamoo. Mimi sijambo na mguu umepona, kwa hiyo usinitumie tena yale majani ya kuchemsha. Mabaharia walifungua furushi wakadhani ni mboga, wakayapika na samaki wa kopo. Wote waliharisha mpaka Honiara, na nahodha ananitazama kwa jicho baya hadi leo.

Barua hii ni ya kazi, na nina furaha nayo kupita kiasi. Unajua mimi katika Ofisi ya Mipango ya Visiwa vya Nje kazi yangu ni kupanga mafaili tu. Sasa wamenipa jambo la kwangu. Tangu radi ipige ule mtambo wenu wa kuzungumzia, ninyi mnatusikia redioni lakini hamwezi kutujibu. Basi kimbunga kikija, redio ya taifa itasoma onyo kwa lugha yetu ya Nukumaro, na sauti itakuwa yangu! Onyo lenyewe ni hili:

"Watu wa Nukumaro, kimbunga kinakuja. Acheni kazi zote. Chukueni watoto, wasiojiweza na maji ya kunywa. Nendeni kwenye nyumba ya mawe, mkae humo mpaka upepo uishe."

Nyumba ya mawe ni lile jumba jipya la shule pale Sangaro. Mkuu wangu, Bwana Belamu, aliniuliza, "Zege kwa lugha yenu ni nini?" Nikajikuna kichwa. Sisi na zege tumejuana lini? Nyumba zetu ni za makuti, unaingia kwa magoti. Nikatunga hapo hapo, nyumba ya mawe. Akalirudia mara tatu, akapendezwa nalo.

Nina swali moja. Fomu ya ujenzi ina mstari unaosema: "Vitu vilivyoonekana wakati wa kuchimba msingi." Wajenzi wamejaza: "Hakuna." Shangazi, mimi nimetoka huko nikiwa na miaka kumi na miwili, lakini sikumbuki shimo lililowahi kuchimbwa Nukumaro likakosa kitu. Hawakuona chochote kweli?

Wako,
Raumea

*

Nukumaro, 24 Septemba 1996

Mwanangu Raumea,

Wale mabaharia ni wanafiki. Majani yangu hayaharishi mtu aliyeoga.

Sauti yako tumeisikia siku ile mlipofanya majaribio. Tulianika betri za redio juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, tukakaa kisiwa kizima, watu mia tatu na kumi na wawili, tukikusikiliza wewe uliyekuwa huwezi kuita kuku. Mume wangu Pa Tafuna alisema, "Huyu anaongea kama mzungu aliyelelewa na bibi yetu." Nikamwambia anyamaze, lakini ni kweli, mwanangu. Umeanza kulamba maneno.

Onyo lenyewe watu wamelipenda. Walikuwa na hofu kwamba serikali itawaambia wapande mitumbwi au kitu kingine cha ajabu. Waliposikia nyumba ya mawe walisema, kumbe mtoto ana akili, hajasahau. Kesho yake wanawake tukaenda kuifagia. Hiyo kazi uiulize mgongo wangu! Popo walitoka kwa hasira, mmoja akamkojolea katekista usoni. Tumeweka mitungi kumi na miwili ya maji na kuni kavu pembeni.

Sasa hilo swali lako. Walioandika "Hakuna" wana macho lakini hawaoni. Pale Sangaro walipochimba msingi walifukua shimo la masi. Halikuwa tupu, mwanangu. Lilikuwa limejaa! Majani ya kulifunika bado yamepangwa, masi yenyewe imekuwa nyeusi tii, na harufu ukiivuta unaona hesabu ya dhambi zako. Lakini juu ya yale mawe ya kufunikia kulikuwa na mchanga wa baharini, unene wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na makombe ndani yake, na bonge la tumbawe kubwa kama kichwa cha Pa Tafuna. Juu ya mchanga ndipo udongo. Msimamizi akasema ni chakula kilichooza, akafukia.

Mimi sijatulia tangu siku hiyo. Sisi kila shimo lina mwenyewe. Mtu anapondaponda mashelisheli yake mavuno yakiwa mengi, anayazika yachachuke yawe masi, na wajukuu wake wanajua lilipo hata miaka hamsini baadaye. Ndicho chakula chetu kimbunga kikishafagia mashamba. Nani anaacha shimo lililojaa?

Nahodha anapiga honi. Nimemtumia yeye binafsi furushi la majani.

Shangazi yako,
Nau Tafuna

*

Honiara, 10 Oktoba 1996

Shangazi,

Popo gani?

Nimeisoma barua yako mara nne. Jumba la Sangaro halijamaliza hata miezi mitatu. Lina vioo na mlango wa kufuli. Nikajiuliza popo wameingia wapi, na kwa nini mmeumiza migongo kufagia sakafu mpya. Nilikuwa naosha vyombo ndipo likanijia. Niliacha maji yakimwagika.

Nisamehe kwa ninachotaka kuandika. Niko mbali, karatasi haina mdomo, na sina namna nyingine ya kuliuliza. Chifu Terua alipofariki miaka mitatu iliyopita, neno rua lilifungwa, sivyo? Najua sheria yetu. Chifu akifa, neno linalofanana na jina lake halisemwi tena, na asiyekuwepo kwenye msiba hafundishwi neno jipya. Mimi sikuwepo. Kichwani mwangu pango lile la kule juu mlimani bado linaitwa rua. Ninyi siku hizi mnaliita nyumba ya mawe. Nimepatia?

Kama nimepatia, basi nimeketi mbele ya kipaza sauti nikawaambia watu mia tatu waende kwenye pango lenye popo, wakati ofisi ilitaka waende kwenye jumba la zege.

Nilimweleza Bwana Belamu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema, "Jumba lile limepita kwa wataalamu saba, Bi. Raumea. Wewe umewapeleka watu kwa popo kwa sababu ya mwiko wa msiba." Wataalamu wanasema mawe yanaweza kudondoka ndani ya pango, na njia ya kupanda ni telezi. Wako sahihi.

Kwa hiyo nimeambatisha tangazo lenye mhuri. Tafadhali lisomwe kanisani Jumapili mbili mfululizo: "Redio ikisema nyumba ya mawe, maana yake ni jumba la shule lililoko Sangaro, wala si mahali pengine popote." Hatuwezi kurekodi upya mpaka kamati ikae. Tangazo hili ndilo litakalonyoosha mambo. Naomba sana, Shangazi. Msimu wa vimbunga umekaribia na mimi silali vizuri.

Lakini shimo lako nalo limenikaa. Mwenyewe umempata? Na Sangaro maana yake nini? Nimejaribu kulikata vipande kama tunavyofanya majina mengine, halikatiki.

Wako,
Raumea

*

Nukumaro, 9 Novemba 1996

Mwanangu,

Umepatia. Lile neno hatulisemi, na mimi zaidi ya wengine, kwa kuwa marehemu alikuwa shemeji yangu, na jina la shemeji halipiti mdomoni mwangu hata akiwa hai. Barua yako nilipofika pale ulipoliandika niliikunja kwanza, nikaenda kunywa maji. Usirudie.

Tangazo lenye mhuri nimelipokea. Nimeliweka mahali salama, pakavu, pamefunikwa vizuri, ambapo hakuna mtu atakayelichezea. Usiwe na wasiwasi juu yake.

Ila nina habari za shimo. Nimepita nyumba zote arobaini na moja. Pa Tafuna ananicheka, anasema serikali imeniajiri bila mshahara. Kila nyumba nimeuliza, "Mashimo yenu ni yapi?" Wananitajia la mama, la bibi, la baba wa bibi, la chini ya mkoko, la nyuma ya kisima. Nau Fareata alinitajia kumi na manne bila kupumua, kisha akaniuliza kama natafuta mchumba. Hakuna nyumba iliyotaja la Sangaro. Hata moja! Hakuna hata anayesema "nilisikia ni la fulani."

Mtu anaweza kusahau deni, anaweza kusahau mke. Hakuna aliyesahau masi ya babu yake. Ndipo nikaanza kufikiri kwamba labda hakuna aliyesahau. Labda hao wenye shimo hawakuacha mtu wa kukumbuka.

Sangaro ni jina tu. Nimeuliza, wote wanasema hivyo hivyo, jina tu. Ninyi wenye maktaba huko mtafute.

Nilikwenda tena pale, nikasimama ndani ya jumba lenu. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Nilifungua dirisha, nikaona bahari iko usawa wa kitovu changu. Nikafunga.

Meli hii ndiyo ya mwisho. Nahodha anasema haji tena mpaka Februari, injini inakwenda kutengenezwa. Kwa hiyo ukiandika, andika kwa raha, hakuna haraka.

Shangazi yako,
Nau Tafuna

*

Honiara, 4 Desemba 1996

Shangazi,

Najua barua hii haina meli. Naiandika kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka.

Nimelipata. Kwenye maktaba ya kanisa hapa mjini kuna daftari la padri mmoja aliyekaa kisiwani kwetu miaka mingi kabla hujazaliwa. Alikuwa akiandika maneno yetu, upande huu neno, upande ule maana yake. Nimeomba ruhusa siku tatu. Mtunza maktaba alinifungulia kabati akiwa amesimama nyuma yangu kana kwamba nitaiba. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa wino uliofifia, nikasoma:

"Sangaro: bahari inapopanda nchi kavu na kukaa."

Na chini yake kwa herufi ndogo: "Halisemwi tena tangu alipofariki chifu wa jina hilo. Siku hizi wanasema maji makubwa. Limebaki kama jina la mahali peke yake."

Shangazi, halikuwa jina tu! Lilikuwa neno kama maneno mengine. Watu waliona bahari ikipanda pale, wakapaita hivyo ili wenzao wajue. Kisha chifu akafa na neno likafungwa. Sheria inafunga mdomo, haifungi ardhi, kwa hiyo mahali pakabaki na jina. Lakini baada ya vizazi viwili hakuna aliyejua linasema nini. Halafu sisi tumekwenda kujenga hapo hapo, na mimi nimekutumia tangazo lenye mhuri likiwaambia watu wakakae juu yake.

Sasa najua ule mchanga ulitoka wapi. Nawe ulishajua, nadhani. Ulikuwa unaniambia kwa upole, na mimi nilikuwa nahangaika na mihuri.

Nilikimbia na daftari kwa Bwana Belamu. Akalisoma. Alilisoma kweli, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Unaniletea neno la marehemu dhidi ya saini saba?" Nikamwambia na shimo lipo. Akasema fomu imeandikwa hakuna. Kamati itakaa tarehe ishirini Januari, niandae maelezo.

Mimi nahesabu siku. Na lile tangazo limeshasomwa Jumapili mbili, tena ulisema mwenyewe liko salama. Natamani lingeliwa na panya.

Raumea

*

Honiara, 31 Desemba 1996

Shangazi,

Kuna boti ya serikali inaondoka kesho na mchele na maturubai. Nimempa barua hizi mbili muuguzi anayekwenda nayo. Sijui kama kuna wa kuzisoma. Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena.

Tarehe 27 asubuhi watu wa hali ya hewa walisema kimbunga kinawajia ninyi moja kwa moja. Nilitumwa redioni na ile kanda iliyoidhinishwa. Njiani nilikuwa nafikiri mpaka nikapita mlango. Nikiweka kanda, itasema nyumba ya mawe, nanyi mtafuata tangazo langu na kwenda Sangaro. Nikisema pandeni mlimani, mtasimama chini ya miti inayoanguka. Nikieleza kwa urefu, betri zenu zitakufa katikati. Nilihitaji neno moja ambalo mtu yeyote wa Nukumaro akilisikia hawezi kulichanganya na kitu kingine. Na lipo moja tu.

Nikazima kanda. Nikasema kwa mdomo wangu, "Nendeni rua. Rua. Narudia, rua. Msikanyage Sangaro."

Mtangazaji ni mtu wa kisiwa kingine, haelewi lugha yetu. Alininyanyulia dole gumba. Nimetaja jina la shemeji yako mara tatu mbele ya taifa zima, mjane wake akiwa amekaa pale anasikiliza. Kama mlinisikia, mmenichukia. Kama hamkunisikia, basi mko Sangaro.

Jana ndege ilipita juu yenu. Rubani anasema hakuna paa hata moja. Anasema pale lilipokuwa jumba ni mchanga mweupe mtupu. Watu hakuwaona, mawingu yalikuwa chini. Nilimuuliza, "Jumba lenyewe je?" Akasema, "Dada, jumba gani?"

Nakupenda, Shangazi. Sikumbuki kama nimewahi kukuandikia hivyo. Kama upo, nijibu hata kwa matusi.

Raumea

*

Honiara, 3 Januari 1997

Kwa: Bi. Raumea
Kutoka: Mkuu wa Ofisi ya Mipango ya Visiwa vya Nje
Yah: KUTANGAZA NENO LISILOIDHINISHWA

Tafadhali rejea matangazo ya redio ya tarehe 27 Desemba, ambapo uliacha kanda iliyoidhinishwa na kutumia neno ambalo halimo katika orodha ya ofisi hii.

Unatakiwa kueleza kwa maandishi, kabla ya tarehe 20 Januari: (a) neno hilo maana yake ni nini, (b) nani alikuruhusu kulitumia, (c) kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu.

J. Belamu

Nimeongeza kwa mkono: Ukipata habari yoyote ya watu wako, usingoje saa za kazi. Njoo nyumbani kwangu. — J.B.

*

Nukumaro, 6 Januari 1997

Mwanangu Raumea,

Tupo. Tumehesabiwa mara tatu na yule muuguzi wako, ambaye hakuamini hesabu ya kwanza. Mia tatu na kumi na wawili, na wa kumi na tatu anakaribia kuzaliwa. Aliyeumia ni Pa Tafuna, amevunjika mkono. Aliteleza kwenye mavi ya popo. Mwambie mkuu wako wataalamu wake walisema kweli juu ya njia ile kuteleza.

Sasa nikusimulie, kisha nikuungamie kitu, maana barua zako zote mbili nimezisoma leo nikiwa nalia na kucheka kama mwehu.

Siku ile tulikuwa tumekaa kwenye redio, upepo umeshaanza kutupa makuti. Sauti yako ikaja. "Nendeni..." Wote tulikuwa tumejiandaa kusikia nyumba ya mawe. Ukasema lile neno. Mama mmoja akamziba mtoto masikio, lakini ulishasema la pili. Nilikuwa nimeshika nazi, ikaniponyoka ikamwangukia Nau Fareata mguuni, naye hakulia, alivyoshtuka. Ukasema la tatu, betri zikafa.

Mjane amekaa pale, uso hauonekani. Mwanawe, chifu wetu wa sasa, Pa Nukurava, alikuwa anafunga kamba za paa. Akashuka polepole. Akauliza, "Nani kamwita baba?"

Mimi nikasema, "Ni Raumea, mtoto wa kaka yangu. Kwenye redio."

"Kamwita mara ngapi?"

"Tatu."

Akatutazama. Akasema, "Baba hajawahi kuitwa mara tatu akakaa. Na akienda yeye, mimi nani nibaki? Inukeni. Twendeni wote kwake."

Tukaenda. Mwanangu, kulikuwa na vijana waliopanga kubaki kulinda mapaa, na mume wangu akiwa mbele yao. Kila kimbunga wapo wa namna hiyo. Lakini jina la chifu limeitwa, nani atathubutu kubaki? Hakubaki mtu.

Tulikaa siku mbili. Bahari ilipanda Sangaro adhuhuri, ikakaa mpaka jua linashuka. Tuliiona kutoka juu. Ilikaa, kama padri wako alivyoandika. Iliporudi, jumba halikuwepo. Kuna sakafu tu, chini ya mchanga. Nimekwenda kupima ule mchanga. Kiwiko mpaka vidole.

Sasa ungamo langu. Lile tangazo lako lenye mhuri halikusomwa. Si Jumapili mbili, hata moja. Ulipotamani liliwe na panya nilicheka, maana nililiweka ambapo panya hafiki. Nililikunja, nikalifunga kwa majani ya ndizi, nikalizika ndani ya shimo langu la masi, nikapanga mawe juu. Nilikuambia liko salama, pakavu, pamefunikwa. Ukiacha hilo la pakavu, sikukudanganya hata neno moja, ila nilikuficha.

Kwa hiyo hata ungeweka kanda yako tungepanda mlimani. Hapa hakuna aliyejua kwamba nyumba ya mawe ni jumba la shule, isipokuwa mimi niliyesoma barua zako. Umemtaja shemeji yangu mbele ya taifa na haikuwa lazima!

Lakini usidhani nilikuwa nimetulia. Tangu Novemba nilikuwa napanda kule juu peke yangu kutazama mawe ya darini. Nikawa nasema, likidondoka moja juu ya mtoto mmoja, nimemuua mimi, Nau Tafuna, kwa mkono wangu, kwa kuzika karatasi ya serikali kwa sababu ya shimo lililooza. Sikumwambia mume wangu. Nilikuwa na hofu, mwanangu, hofu ambayo upepo haukunipa. Basi uliposema lile neno, wenzangu walikuwa wanaziba masikio, mimi nilikuwa nalia kwa furaha. Niliona kwamba hata wewe huko umefika pale nilipo, na sikuwa peke yangu tena.

Adhabu yako imeshapangwa. Uje na meli ya Februari, na mikeka miwili mizuri, uingie nyumbani kwa mjane kwa magoti na kuomba radhi. Uje pia na mtambo wa kuzungumzia. Huo haumo kwenye adhabu, nimeuongeza mimi.

Shimo langu tumeshalifungua, mashamba yamekwisha yote. Masi ni nzuri, yatosha mpaka magimbi yaote. Karatasi imeoza, lakini mhuri bado unasomeka. Nimempa muuguzi ampelekee Bwana Belamu. Akikuuliza nani alikuruhusu kusema lile neno, mwambie ni mwenye jina.

Na akiuliza maana yake, mweleze haya. Watoto wengi hapa walizaliwa au kupata akili baada ya msiba, hawakuwahi kulisikia. Wamelisikia kwako. Tangu tushuke wanarudi kule kila asubuhi, wanasimama mlangoni wanapiga kelele lile neno ili mwamba uwajibu. Tukawafukuza, wakarudi. Juzi mjane akapanda mwenyewe na fimbo. Nikamfuata, nikijua patachimbika. Akasimama nyuma yao. Wakapiga kelele, na mwamba ukarudisha, mara moja, mara mbili, mara tatu, kila mara kwa upole zaidi. Miaka mitatu na nusu hajasikia mtu akilitamka jina la mumewe. Akakaa chini. Akasema, "Waacheni. Tena semeni kwa nguvu."

Jana Pa Nukurava amelifungua neno mbele ya watu wote. Na Sangaro pia amelifungua, litafundishwa shuleni, shule yenyewe ikipata mahali pengine.

Muuguzi ananiita, boti inaondoka. Samahani kwa mwandiko, nimeegemea ukuta wenye unyevu, nyumba yangu haina paa bado. Tangu jana wengi tumehamia tena humu kwenye nyumba ya mawe.

Hapana, nimesahau. Ngoja niandike vizuri.

Shangazi yako,
Nau Tafuna,
ndani ya rua